Ulisomea udaktari ng'ambo na sasa unarudi Mombasa? Durusu haya kabla ya mtihani wa Baraza

Aliyesomea udaktari Uchina, India au Ukraine, na sasa anajiandaa kurudi Mombasa, mara nyingi haangushwi na mtihani wa Baraza la Madaktari kwa kutojua tiba. Huangushwa kwa kumjibia mgonjwa wa nchi nyingine. Malaria aliisoma kwa kipindi kimoja, utapiamlo kwa kurasa mbili, na kifafa cha mimba alikisikia darasani bila kuona dawa yake ikichanganywa. Kwa hiyo usianze kudurusu kwenye ukurasa wa kwanza wa kile kitabu kinene. Anzia pale ambapo jibu la kule na jibu la hapa yanaachana, na pale ambapo swali linadai namba.

Tarehe, ada na stakabadhi hutangazwa na Baraza lenyewe (KMPDC) kwenye tovuti yake. Zisome huko, si kwenye kikundi cha WhatsApp. Fani kubwa ni zile zile nne utakazozunguka ukiwa daktari mwanagenzi: tiba ya ndani, upasuaji, watoto, na uzazi pamoja na magonjwa ya wanawake. Ushauri wetu ni kwamba nusu ya muda wako uende kwa watoto na uzazi. Apendisi ni ile ile Kharkiv na Kisauni, lakini mtoto aliyezimia kwa homa si yule yule.

Malaria kali kwanza. Dawa ni artesuneti ya sindano: miligramu 2.4 kwa kila kilo, ila mtoto wa chini ya kilo 20 hupewa 3 kwa kilo. Hapo ndipo wengi hupoteza alama, kwa sababu hudhani mtoto lazima apewe kidogo. Saa za kudunga ni 0, 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Hata mgonjwa akiamka na kuomba uji baada ya sindano ya kwanza, zote tatu lazima ziishe, halafu amalize dozi kamili ya vidonge vya siku tatu.

Jifunze pia kuichanganya. Kichupa cha miligramu 60 kina unga. Tia kwanza mililita 1 ya sodiamu baikabonati ya asilimia 5 inayokuja nacho, utikise hadi dawa iwe angavu kama maji. Kisha, kama unadunga mshipani, ongeza mililita 5 za salaini au dekstrosi ya asilimia 5, upate miligramu 10 katika kila mililita. Kwenye msuli ongeza mililita 2 tu, upate 20. Mtoto wa kilo 14 anahitaji miligramu 42: mshipani ni mililita 4.2, msulini ni 2.1. Ukichanganya kwa kipimo cha mshipani ukavuta kwa kipimo cha msuli, umempa nusu ya dawa. Dawa iliyochanganywa itumike ndani ya saa moja, inayobaki imwagwe. Wiki moja hadi nne baadaye, rudia kupima damu, kwa sababu kuna wagonjwa ambao chembe zao nyekundu huanza kupasuka malaria yenyewe ikiwa imeshaondoka.

Vidonge hivyo, vya artemetha na lumefantrini, navyo vina mtego wake: dozi ya pili ni baada ya saa 8, si 12. Baada ya hapo ni saa ya 24, 36, 48 na 60. Mtu wa kilo 35 na zaidi humeza vinne kila mara, na humeza pamoja na kitu chenye mafuta kidogo. Kikombe cha maziwa chatosha.

Suala la maji ya dripu linastahili jioni nzima. Vitabu vingi vya ng'ambo humfundisha mwanafunzi kummiminia haraka mililita 20 kwa kilo mtoto yeyote anayeonyesha dalili za mshtuko (shock). Mwaka 2011 utafiti wa FEAST, uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vyake, ulichapisha matokeo ya watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliomiminiwa salaini haraka walikufa asilimia 10.5 ndani ya saa 48; wasiomiminiwa, 7.3. Miongozo yetu imejengwa juu ya jambo hilo. Basi swali likikupa mtoto mwenye homa na mikono baridi, usikimbilie namba ya 20. Uliza kwanza: anaharisha? Ana utapiamlo? Damu imepungua?

Anayeharisha hadi kukaukiwa kabisa ana hesabu yake, kwa kuwa hakuwa katika utafiti ule: mililita 100 kwa kilo za dripu ya Ringa (Ringer's lactate). Aliyefika mwaka mmoja hupewa 30 za kwanza kwa nusu saa na 70 zinazobaki kwa saa mbili na nusu. Wa chini ya mwaka hupewa zile zile kwa saa 1, kisha saa 5. Mtoto wa miezi 14 mwenye kilo 10 basi ni 300, kisha 700. Mwenye utapiamlo mkali humrejeshei maji kwa njia hiyo. Kama hayuko katika mshtuko, mpe ReSoMal (maji ya chumvi na sukari ya wenye utapiamlo) kwa mdomo, mililita 5 kwa kilo kila nusu saa kwa saa mbili za mwanzo, na maziwa ya tiba ya F-75 kabla ya yale ya F-100. Dawa ya kuongeza damu yenye madini ya chuma isubiri hadi aanze kunenepa.

Upande wa uzazi, shika magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba. Ampuli zetu ni za asilimia 50, na asilimia 50 haiingii mshipani ilivyo. Vuta mililita 8 (gramu 4), ongeza mililita 12 za maji ya sindano, upate 20 za asilimia 20, usukume polepole, si chini ya dakika 5. Papo hapo dunga gramu 5 ndani kabisa ya kila kalio, pamoja na mililita 1 ya lignokeini (dawa ya ganzi) ya asilimia 2. Kisha ni gramu 5 kila saa 4, ukibadilisha kalio, mpaka saa 24 zipite tangu kujifungua au tangu degedege la mwisho, lolote litakalochelewa. Kabla ya kila sindano: pumzi zisipungue 16 kwa dakika, goti liruke ukiligonga, mkojo usipungue mililita 30 kwa saa. Goti likinyamaza, sindano isitishwe. Pumzi ikikatika, msaidie kupumua na umpe mililita 10 za kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, polepole.

Kwa tiba ya ndani tupitie upesi. Anayetumia dolutegraviri (dawa ya virusi vya UKIMWI) akianzishiwa rifampisini kwa kifua kikuu, hupewa miligramu 50 mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Mtoto wa miezi minane aliyevimba vidole vya mikono na miguu afikiriwe selimundu (sickle cell) kabla ya lingine lolote.

Vipimo navyo hudanganya. Ukizoea himoglobini ya gramu kwa lita, 70 yako ni 7 ya hapa, ya gramu kwa desilita. Sukari ya miligramu kwa desilita igawe kwa 18 upate milimoli kwa lita: 54 ni 3.

Halafu kuna lugha. Mgonjwa wa Makadara hatakwambia jina la kitabuni. Kichomi ni maumivu ya kuchoma ubavuni, hivyo uliza kikohozi na homa. Safura ni upungufu wa damu, mara nyingi wa minyoo. Mama akisema mtoto "ameshikwa na dege", anasimulia degedege, na maswali yako yawe: "Mama, lilimshika mwili mzima au upande mmoja? Lilikaa muda gani? Lilipomwacha, alikutambua?" Jibu la hilo la mwisho ndilo linalotenganisha degedege la homa na malaria iliyopanda kichwani. Uliza pia, kwa heshima, kama alipelekwa kwa mganga kwanza, maana hapo ndipo saa hupotea.

Kichocho na matende vya pwani vina saa za kukumbuka kwa Kiswahili tu: saa nne hadi saa nane. Mkojo wa kutafutia mayai ya kichocho huchukuliwa saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Damu ya kutafutia vijidudu vya matende na busha, saa nne usiku hadi saa nane usiku.

Kila jioni andika uzito wa watoto watatu kwenye karatasi, ukokotoe kwa kalamu artesuneti, dripu na diazepamu ya kuzima degedege, ya kupitisha njia ya haja kubwa (miligramu 0.5 kwa kilo). Kisha mpigie simu shangazi au nyanya nyumbani, umwombe awe mgonjwa kwa dakika kumi. Anza na shikamoo.