Ukikutana na "get", tazama neno linalofuata

Kwa wadogo zangu wa Kigoma mnaojiandaa na mtihani wa Kiingereza: mkiliona "get", msikimbilie kamusi, mtajaziwa maana mpaka mchoke. Someni kwanza kinachofuata. Likija jina la kitu, mara nyingi ni kupata au kununua: "get salt", nunua chumvi. Ikija "to" na mahali, ni kufika: "The train got to Tabora", treni ilifika Tabora. Ikija sifa, basi hali imebadilika: "The dagaa got wet", dagaa walilowa, na aliyeanika pale mwaloni Kibirizi mvua ikamkuta hahitaji kufafanuliwa. "Got caught" je? Alikamatwa, hapo "get" inafanya kazi ya ile -w- yetu ya kutendwa.

Mbinu hii inafaa kwa sababu "get" yenyewe haibebi mzigo mkubwa, kama "piga" yetu: simu, pasi, deki, picha, maana unaipata kwenye neno la pili.

Inapokwama ni kwenye "get over", "get along", "get by". Hapo kutazama "over" peke yake hakusaidii, maana "get over malaria" ni kupona malaria, wala hakuna cha kuruka. Hizo ziandikeni daftarini nzima nzima, kila moja na sentensi yake. Angalieni pia vitu viwili vikifuatana: "Get Grandma a chair" ni mletee bibi kiti, si mpate bibi.