Programu ya mauzo ndani ya terminali: panga vitufe kwanza, skrini baadaye

Programu ya mauzo itakayofunguliwa kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali kupitia mtandao) kutoka duka la Kamalondo au soko la Kenya, hapa Lubumbashi, inaweza kukaa vizuri ndani ya terminali, dirisha la maandishi matupu. Haili intaneti nyingi, na kompyuta kuukuu inaimudu. Ila terminali za leo bado zinaiga VT100, mashine ya kampuni ya DEC ya mwaka 1978 iliyoonyesha herufi 80 kwa mstari, mistari 24. Programu yako haioni vitufe. Inaona baiti zinazopita, yaani namba, basi.

Kwa hiyo fungua `showkey -a` kwenye Linux, ubonyeze kila kitufe unachokitaka, utazame namba inayotoka. Tab na Ctrl+I zote ni 9. Enter na Ctrl+M zote ni 13, na mara nyingi Shift+Enter nayo ni 13 ileile. Ukiipa Ctrl+M kazi ya kufungua menyu, menyu itafunguka kila muuzaji akibonyeza Enter. Kuna terminali mpya zinazotofautisha vitufe hivi, lakini usijenge kazi ya lazima juu ya hilo.

Kibodi za AZERTY (mpangilio wa Kifaransa) zina mtego wake: tarakimu za juu zinataka Shift. Menyu ikisema "bonyeza 1", mama wa duka atabonyeza na programu itapokea `&`. Tumia herufi: m kwa mauzo, d kwa deni.

Ctrl+S ndiyo inayotisha watu zaidi. Kwa desturi inasimamisha maandishi yote, skrini inaganda, na muuzaji anadhani mtandao umekatika. Ctrl+Q inaifungua. Kama unataka Ctrl+S iwe ya kuhifadhi, zima kwanza IXON, mpangilio wa terminali unaoipa Ctrl+S kazi hiyo ya kusimamisha. Kwenye ncurses, maktaba ya C ya kuchora skrini za terminali, `raw()` inalifanya hilo, `cbreak()` hailifanyi.

Esc nayo ina utata. Mshale wa juu kwa kawaida hufika kama baiti tatu: 27, kisha `[` au `O`, kisha `A`. Programu ikipokea 27 peke yake haijui kama ni Esc au ni mwanzo wa mshale, hivyo inasubiri. Ncurses husubiri milisekunde 1000, muda unaokera. Unaweza kuupunguza kwa `set_escdelay(150)`. Ukishuka hadi 25, kwenye kompyuta yako itakuwa safi kabisa, lakini kwa SSH juu ya mtandao wa simu baiti zinaweza kufika zimeachana, na kwenye sehemu ya bei litatokea `[A`. Afadhali kughairi kuwe Ctrl+G, na Esc uiache.

Sasa jedwali. Jina Thérèse lina herufi 7, lakini kwa UTF-8 (namna ya kuhifadhi herufi kwa baiti) ni baiti 9, kwa sababu é na è huchukua baiti mbili kila moja. `printf("%-20s")` ya C inahesabu baiti, kwa hiyo bei kwenye mstari wa Thérèse itasogea nafasi mbili kushoto. Ita `setlocale(LC_ALL, "")` mwanzoni, pima upana kwa `wcswidth`, na uunganishe na `ncursesw`, toleo la ncurses la herufi za aina hii. Emoji zisiingie kwenye jedwali: terminali hazikubaliani kuhusu upana wake. Rangi pia usizitegemee peke yake. Deni liwe jekundu, lakini andika na neno "deni".

Anayetumia simu, kibodi ikijitokeza mistari inapungua ghafla. Ncurses itakupa `KEY_RESIZE`. Chora upya, na nafasi ikibana acha jina la bidhaa, idadi na bei tu.

Umeme ukikatika dukani, SSH inakufa na mauzo yaliyokuwa yanaandikwa yanapotea. Kwenye seva, kompyuta inayoendesha programu, anzisha `tmux new -A -s duka`: tmux huiacha programu hai hata SSH ikifa. Muuzaji akiunganisha tena kwa amri hiyohiyo anarudi palepale alipokuwa. Tmux hubadilisha TERM, jina la aina ya terminali, kwa hiyo iachie terminfo, orodha ya kodi za vitufe na skrini za kila terminali, kazi ya kutafuta kodi, usiziandike kwa mkono.

Mwisho, programu ikianguka huacha terminali imevurugika: unaandika, huoni kitu. `kill -9`, amri ya kuiua programu kwa nguvu, haizuiliki, basi anzisha programu ndani ya skripti:

```
./mauzo
stty sane
tput rmcup
tput cnorm
```

Bila skripti hiyo, andika `stty sane` bila kuona, kisha Ctrl+J, maana Enter huenda isikubali.