Kujichunguza Dhamiri Kabla ya Kwaresima

Katika parokia nyingi, waamini huombwa kurudisha matawi ya mitende yaliyobarikiwa Jumapili ya Matawi ya mwaka uliopita, ili yachomwe na kupata majivu ya Jumatano ya Majivu, siku inayofungua Kwaresima, yaani mfungo wa siku 40 kabla ya Pasaka. Unapolitoa tawi lako nyuma ya msalaba ukutani, anza maandalizi hapo hapo: jiulize ni ahadi zipi ulizompa Mungu siku ile, na zipi zimekauka pamoja nalo.

Siku chache kabla ya Jumatano hiyo, keti mahali patulivu, umwombe Roho Mtakatifu akuangazie, kisha uzipitie Amri Kumi polepole, ukitafuta si uliyoyatenda tu bali pia uliyoacha kuyatenda: mgonjwa ambaye hukumtembelea, mfanyakazi wa nyumbani uliyemcheleweshea mshahara, ndugu ambaye hamsalimiani. Hapa ndipo wengi wetu hupotea, kwa maana ni rahisi kuungama dhambi za mume, mke au jirani kuliko zetu wenyewe.

Nenda ukamwombe radhi uliyemkosea, bila kuongeza neno "lakini", ndipo uiendee Sakramenti ya Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padri. Usingoje Juma Kuu, juma la mwisho kabla ya Pasaka, foleni zinapokuwa ndefu.

Kuhusu mfungo, chagua jambo moja unaloweza kulishika siku zote 40, wala usilitangaze. Injili ya Jumatano ya Majivu, kutoka Mathayo sura ya 6, inaagiza sadaka, sala na kufunga vifanyike sirini. Kwa hiyo hata picha ya paji lako lenye majivu ningekusihi usiisambaze.