Mchaichai, mrehani na mnanaa ndani ya shamba la chakula: unachanganyaje?

Kabla hujagusa jembe tafuta mnunuzi, na umuulize anataka nini hasa, majani mabichi, makavu au mafuta, maana hapo ndo watu wanapokwama, wanapanda mchaichai shamba zima alafu ndo wanaanza kuuliza soko liko wapi. Kama wazo lako ni mafuta, jua kwamba kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai zinakupa kama gramu 200 mpaka 500 tu za mafuta, kwahiyo bila mtambo wa kukenekea (ule unaotoa mafuta kwa mvuke) ulio jirani utabeba mzigo mkubwa kwa hela kiduchu. Kwa shamba dogo mi naona anza na majani ya kukausha.

Haya, tuje shambani. Mchaichai unapandwa kwa vipando vya kuchana kwenye shina la zamani, acha sentimita 60 hivi kati ya shina na shina, na mstari hadi mstari iwe kama mita 1. Unachelewa kushika, mavuno ya kwanza unakata baada ya miezi 4 hadi 6, sasa hiyo nafasi ya katikati usiiache wazi bure, weka kunde au choroko, zinakomaa na kutoka kabla majani hayajafunga njia, tena zinaongeza naitrojeni kwenye udongo. Ukishafunga ndo basi, usilazimishe, msimu unaofuata chakula kipande sehemu nyingine au uache mchaichai ukae mpakani tu. Ukikata acha sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, usikwangue hadi chini shina litakufa.

Mrehani unapenda jua, usiufiche nyuma ya mahindi marefu. Uweke na nyanya au pembezoni mwa maboga, na mashina machache yaache yachanue, nyuki wakija kwenye maua watapita na kwenye maboga, na boga bila nyuki halizai vizuri. Yale mengine kata ncha mapema yatoe matawi.

Mnanaa huo ni mkorofi jamani, unatambaa chini kwa chini na ukiuachia unakula tuta zima la karoti. Upe tuta lake karibu na maji au panda kwenye ndoo iliyotobolewa chini. Rozimeri, kile kichaka cha majani membamba yanayonukia, ni kinyume chake, haitaki maji yatuame, kwahiyo usiichanganye na zao la kumwagilia kila siku. Chini ya migomba penye kivuli weka tangawizi au manjano, vyote vinavumilia.

Kitu kingine watu wanasahau ni dawa. Ukipulizia nyanya, ile dawa inatua na kwenye mrehani ulio pembeni, na majani hayo mtu anaenda kuyatia kwenye chakula au chai, mnunuzi akipima akakuta mabaki anakurudishia mzigo wote. Soma lebo, kama dawa haijaandikwa kwa zao hilo usiipulizie hapo, na zile siku za kusubiri kati ya kupulizia na kuvuna zihesabu kwa zao linalovunwa mapema.

Vuna asubuhi umande ukishakauka, kausha kivulini penye upepo, maana juani rangi na harufu vinaondoka. Makapi ya mchaichai yaliyotoka mtamboni usitupe, tandaza kwenye mistari ya mahindi yazuie magugu na kutunza unyevu.