Upo au pair Marekani na Kiingereza hakitoki? Soma hii, na wa nyumbani Mtwara wasome pia

Mtwara kuchele jamani. Wiki iliyopita mdogo wangu mmoja, mtoto wa jirani yetu hapa Ligula, kanipigia simu toka Marekani analia, ana miezi miwili kule ni au pair, yaani anaishi na familia ya watu anawalelea watoto, anasema dada mi narudi, Kiingereza hakitoki kabisa, nikiongea wananiangalia tu. Nikamuuliza swali moja, jana umeongea na nani? Akaanza kuhesabu: watoto wawili, mama mwenye nyumba asubuhi dakika kumi, alafu mama yake, shangazi yake, kaka yake aliyeko Lindi na grupu la wasap la darasa lao. Nikamwambia mdogo wangu, intavyuu ya Kiingereza si ulipita, kwa hiyo lugha unayo, ila wewe bado upo Ligula, ni mwili tu ndo umepanda ndege.

Nayajua haya mana nimeyapitia. Nilikaa Virginia mwaka mzima, na miezi mitatu ya kwanza nilikuwa najua kila msiba uliotokea Chikongola, nani kaolewa, korosho mnadani zimefika bei gani, ila mama wa nyumba ya pembeni niliyekuwa namuona kila siku anatoa takataka, jina lake sikulijua. Kwa hiyo nnayoandika hapa ni ya mabinti na vijana wa kwetu walioko kule au wanaojiandaa, na tena sana ni ya nyie mliobaki nyumbani. Wanaoenda Ujerumani watanisamehe, wao wana vita yao na Kijerumani. Na tafadhali, hiyo "au" siyo ya chai au kahawa, inasomwa "o pea", ni Kifaransa, usije ukaitamka vibaya mbele ya afisa wa viza kama mimi.

Anza na saa zako. Kwa sheria za ile programu ya au pair ya Marekani, au pair hafanyi kazi zaidi ya saa 10 kwa siku wala saa 45 kwa wiki, na lazima apate siku moja na nusu ya kupumzika kila wiki pamoja na wikiendi moja nzima kila mwezi. Kama watoto wako wanasoma shule, kazi inakatika vipande viwili, asubuhi unawaandaa na kuwapeleka, alafu mchana kwenye saa tisa hivi unawapokea. Katikati hapo uko huru. Sasa piga hesabu: Mtwara iko mbele ya pwani ya mashariki ya Marekani kwa saa 7 kipindi cha joto na saa 8 kipindi cha baridi. Saa mbili usiku huku watu wameshakula, wamekaa barazani, wamekukumbuka, na kule kipindi cha joto ni saa saba mchana. Simu inaita. Hiyo saa saba ndo saa yako ya kutoka nje ukaonane na watu, nawe upo kitandani unamuonyesha shangazi kabati la nguo kwa video. Akikata shangazi anaingia kaka, akitoka kaka bibi naye anataka akuone, ukija kuangalia ukutani ni saa nane na nusu na watoto wanakaribia kutoka shule. Kesho hivohivo. Mwezi unaisha.

Nyie wa nyumbani, sisemi mmtupe mtoto. Pangeni tu siku mbili kwa wiki zinazojulikana, mfano Jumapili saa kumi na moja jioni huku, kule kipindi cha joto inakuwa saa nne asubuhi na mara nyingi hayuko kazini. Siku nyingine atume voisi ya dakika moja kwamba mzima, mana mama zetu wakikaa siku mbili hawajasikia sauti wanaanza kuota ndoto za ajabu. Na mkimpata msianze na hela. Posho enzi zangu ilikuwa dola 195.75 kwa wiki, siyo ya kujengea nyumba. Muulizeni umeongea na nani wiki hii, anaitwa nani, mmeongea nini, akijua swali hilo linakuja atatafuta mtu wa kuongea naye ili apate jibu. Nilimweleza hivi mama yake yule wa Ligula, akanuna kidogo, akasema mwanangu nimnyime simu? Tukaelewana kwa chai, ila ilichukua vikombe vitatu.

Haya, saa unayo, unaenda wapi. Mimi namshauri kila mtu laibrari ya umma, na najua mtu wa kwetu akisikia laibrari anaona watu wanajisomea mtihani wa fomu foo kimya kimya. Kule siyo hivo. Ni bure, kadi unapata kwa kuonyesha unakaa eneo hilo, na laibrari nyingi zina vikundi vya kuongea Kiingereza kwa wageni, mnakaa duara na mtu wa kujitolea, mnapiga stori saa moja, hakuna mtihani wala kuchekwa. Kikundi changu kulikuwa na bibi mmoja wa Kikorea, kijana wa Brazili na mama mmoja kutoka Peru, na nakwambia Kiingereza changu kilifunguka pale, mana wote tunavunja sarufi hakuna wa kumcheka mwenzie. Hukohuko kuna vipindi vya kusomea watoto hadithi, kama una mtoto mdogo nyumbani mpeleke, utawakuta au pair wengine na mama na bibi za watu, na mtoto ndo atakuanzishia maongezi mana lazima atamnyang'anya mwenzie kitu.

Ila siri iko hapa, nenda palepale, siku ileile, saa ileile. Fikiria kivuko cha Msangamkuu, ukipanda siku ya kwanza watu wanakuangalia tu, wiki ya pili mtu anakusogezea nafasi, ukifika mwezi wanakuuliza mbona juzi hukupita, mtoto mzima? Hakuna aliyekutongoza urafiki, wamekuzoea sura tu. Kule ni vilevile. Wengi wetu tunakosea tunaenda leo laibrari, wiki ijayo kanisani, wiki nyingine jim, kila mahali sisi ni wageni, alafu tunasema Wamarekani wana roho ngumu.

Kuna pia masomo. Familia inachangia hadi dola 500 na wewe unatakiwa umalize krediti 6 za masomo ya chuo ndani ya mwaka. Wengi wanachagua kozi ya wikiendi iishe haraka, nami nilifanya ujinga huo, nikakaa ukumbini siku mbili namsikiliza mtu anaongea nikarudi nyumbani sijafungua mdomo. Mwenzangu alichukua darasa la jioni chuoni, mara moja kwa wiki kwa miezi, watu wanajadiliana, akatoka na marafiki wanne wa kudumu. Chagua darasa ambalo wewe ndo unaongea. Yule mratibu wa eneo lenu, mtu wa wakala aliyekupeleka, lazima awasiliane na wewe kila mwezi, na wengi wanaitisha mikutano ya au pair wote wa hapo jirani, nenda hata kama umechoka. Makanisa mengi yana madarasa ya Kiingereza ya bure, hawakuulizi dini, na kwa Waislamu wenzangu, Ramadhani misikiti mingi ya kule inafuturisha, ukienda siku tatu tu umeshapata mama mlezi wa Kipakistani au Kisomali anayekufungashia chakula.

Nyumbani sasa. Watoto ni walimu wazuri wa matamshi, wanakurekebisha bila huruma, wasomee kitabu kila usiku kwa sauti. Shida ni kwamba wanakufundisha Kiingereza cha kitoto. Mimi nilienda duka la dawa nikamwambia mzee wa watu "my tummy hurts", akanijibu kwa sauti ya kubembeleza kama nina miaka minne. Kwa hiyo kula mezani na wakubwa hata kama chumbani kunavutia, na umwombe mama mwenye nyumba akurekebishe kosa moja tu kwa siku, wakati wa kula. Ukimwachia arekebishe kila kitu utaogopa kuongea, asiporekebisha kabisa atakuwa anakuonea aibu na utarudi Mtwara na makosa yaleyale.

Makosa yenyewe mengi yanatoka kwenye Kiswahili chetu, nayataja yale yaliyoniumbua. Sisi tuna "yeye" moja, kwa hiyo ulimi unachanganya "he" na "she", nilimwita mama mwenye nyumba "he" mbele ya wageni wake mpaka nikazoeleka. Sisi tukitoka chumbani tunasema nakuja, ukisema "I'm coming" huku unaondoka mtu anakodoa macho. Njaa kwetu inasikiwa, kwao husemi "I hear hunger", unasema "I'm hungry". Kuazima kwetu ni neno moja kutoa na kupokea, kwao ni mawili, "lend" ukitoa na "borrow" ukipokea, na ukiyageuza unaonekana unadai kitu chako. Mtu akijikwaa ukimwambia "sorry" atakujibu siyo kosa lako, ni sawa tu, pole yetu haina mwenzake kule. Alafu kuomba kitu, hii ni kubwa. Kwetu nipe maji ukiisema kwa upole haina neno, ukiipeleka moja kwa moja kuwa "give me water" umeamrisha, zoea kuanza na "can I have". Na kichwa chini mbele ya wakubwa, ile heshima ya shikamoo, kule wanaona unaficha jambo, muangalie mtu usoni hata kama roho inakuuma.

Na saa! Rafiki wa kwanza niliyempata nusura nimpoteze kwa ajili ya saa. Tulipanga kwa kuongea, mi kichwani nina saa moja jioni nikamwambia "one", akaenda akakaa mgahawani mchana peke yake. Andika muda kwa meseji kila mara, na saa yako ya simu iwe inakusomea ya kwao.

Jambo jingine ni la watu wa Kusini peke yetu, korosho. Najua begi lako lina kilo mbili za kuwapelekea. Usimpe mtoto yeyote korosho, hata moja, hata kashata yenye korosho ndani, kabla hujamuuliza mzazi wake. Aleji ya korosho na karanga kule ni habari ya kweli, mtoto anaweza kuvimba koo akashindwa kupumua, na madarasa mengi wamepiga marufuku hizo vitu kabisa. "Allergy" liwe neno lako la kwanza, na umwambie mama mwenye nyumba akufundishe kutumia ile sindano ya dharura kama mtoto wake anayo. Sisi tumekulia chini ya mikorosho hatufikirii. Ila kwa wakubwa wasio na aleji korosho ni mlango, nilikaanga nikampelekea yule mama wa takataka kwenye bakuli, nikamweleza bibo linavyotundikwa na korosho inaning'inia chini yake nje ya tunda, hakuamini mpaka nikamuonyesha picha, tukakaa kibarazani saa nzima. Anaitwa nani sasa najua.

Kuhusu mialiko, kwetu unapiga hodi tu unakaribishwa, kule usiende bila meseji. Na mtu akikwambia siku moja tutoke, hiyo ni salamu, siyo mwaliko. Ukitaka iwe kweli jibu palepale na siku: Jumamosi saa nne, pale bustanini, nakuja na watoto? Akisema hawezi mara mbili bila kutaja siku nyingine, muache kwa amani, jaribu mwingine. Mimi nilikuwa na bao dogo la safari, nalitandaza kwenye benchi la bustani, watu wanasogea wenyewe wanauliza, na kufundisha mtu bao kwa Kiingereza ni mtihani kuliko darasa lolote.

Mtu uliyempata mtandaoni kutana naye mahali pa watu, mwambie mama mwenye nyumba unaenda wapi, picha za watoto wa watu usiposti bila ruhusa. Ukizidishiwa saa za kazi usikae kimya ukidhani ni adabu, mwambie mratibu.

Kwa ambao bado mpo huku na mnasubiri kupata familia, msisubiri ndege. Mikindani ni safari ya bajaji moja tu, wageni wanakuja kuangalia lile Boma la Wajerumani la 1895 na kutafuta habari za Livingstone aliyepita hapo 1866 akielekea bara, jifunze stori hiyo vizuri kwa Kiingereza kabla, nenda na mwenzako, salimia, eleza. Wakikuuliza usichokijua sema utauliza wazee, na ukaulize kweli. Sisi tunakutana Shangani Jumamosi jioni, upepo wa bahari ukianza, kila mtu anakuja na kitu kimoja cha kwetu akieleze dakika tano kwa Kiingereza bila kutaja jina lake la Kiswahili na bila kuonyesha kwa mikono. Jumamosi hii mimi nakuja na ming'oko, ile mizizi ya porini ya kwetu, ya kuchemsha kwenye kapu limefunikwa, atakayeieleza mpaka mtu asiyeijua aione, ndo atafungua kapu.