Kifungo na picha havitupi kivuli kimoja: vivuli vya kweli kwenye albamu ya kidijitali

Hajati mmoja wa Bombo aliniletea kazi ya harusi ya mjukuu wake: picha za kwanjula, ile sherehe ya Waganda ya kutambulisha mchumba nyumbani, picha za nikahi, na bahasha ya picha za zamani zilizokwisha kugeuka rangi. Nikampangia kurasa za inchi 12 kwa 12, za kumbukumbu, zenye karatasi za maua, riboni, vifungo na shanga, zote za kwenye kompyuta. Siku ya kuchukua albamu akaketi kwenye benchi langu hapa Nasser Road, mtaa wa wachapaji jijini Kampala, akafunua hadi ukurasa wa tatu, akavua miwani.

“Mwanangu, mbona hizi picha zinaelea kama mitumbwi?”

“Hicho ni kivuli, Hajati. Kinaupa ukurasa uhai.”

“Kivuli nakijua. Lakini hiki kifungo na hii picha vimeachana na karatasi sawasawa. Kifungo kinene, picha nyembamba. Inakuwaje?”

Yeye ameshona gomesi, gauni la heshima la wanawake wa Uganda, maisha yake yote, huwezi kumdanganya kuhusu kifungo. Nami nilikuwa nimefanya lile tunalofanya wengi: nimebofya kivuli cha programu mara moja, nikakinakili kwa kila kitu kilichokuwa ukurasani. Toleo la zamani la Photoshop, programu ya kuhariri picha, nililojifunzia lilikuwa linakuja na weusi wa asilimia 75, na mimi sikuwahi hata kulishusha. Nilizirudia kurasa zote kwa gharama yangu. Ninayoandika hapa ni yale niliyojifunza katika kuzirudia.

Anza mezani, kompyuta ikiwa imezimwa. (Umeme ukikatika ndiyo nafasi yako.) Chukua kipande cha manila, picha halisi ya studio, kifungo cha shati, uzi, na shanga mbili tatu za karatasi, zile zinazovingirishwa kwa karatasi za kalenda na magazeti kisha zikapakwa vanishi. Viweke kwenye meza karibu na dirisha, dirisha likiwa kushoto kwako, juu kidogo. Sasa viangalie kutoka juu kabisa, maana msomaji wa albamu huutazama ukurasa kutoka juu.

Usifanye zoezi hili adhuhuri. Sisi wa Kampala tupo jirani na mstari wa ikweta, na saa sita hadi saa saba mchana jua linakuwa utosini na kivuli kinajificha chini ya kitu chenyewe. Ukitaka kupima, toka nje karibu saa nne asubuhi au saa kumi kasorobo alasiri. Jua hapo limefika kama nusu ya njia kati ya upeo wa macho na utosi, na kivuli cha kitu kilichosimama kinakuwa sawa na kimo chake. Kwa hiyo ukijua unene wa kitu, umeshajua kivuli chake kiende umbali gani. Jua la nje tumia kupimia umbali tu. Ulaini wa kingo uchukue dirishani, maana dirisha ni chanzo kipana cha mwanga na kingo za kivuli chake zinayeyuka, wakati za jua ni kali.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Ukurasa wa inchi 12 kwa pikseli (vidoti vya picha) 300 kila inchi una pikseli 3,600 upande mmoja. Milimita moja basi ni karibu pikseli 12. Kipande cha manila cha theluthi ya milimita ni pikseli 4. Picha iliyobandikwa ikalala vizuri ni pikseli 3, nami huipa 5 kwa sababu hakuna gundi inayolaza karatasi kabisa. Kifungo cha milimita 2 na nusu ni pikseli 30. Picha iliyoinuliwa kwa sponji ya gundi ya milimita 2 ni pikseli 24. Mimi nilikuwa nimevipa vyote 20! Ndiyo maana picha ilielea na kifungo kikaonekana kimechorwa kwa kalamu.

Ukishakuwa na umbali, kuna mambo matatu ya kuamua: pembe ya mwanga, ukungu wa kingo, na weusi. Pembe chagua moja kwa ukurasa mzima, na kwa kurasa mbili zinazotazamana pia. Kwenye Photoshop nyuzi 120 zina maana mwanga unatoka juu kushoto, kivuli kinaanguka chini kulia. Acha alama ya Use Global Light iwe imewashwa, ili ukibadilisha pembe mahali pamoja vivuli vyote vifuate. Ukungu kwa vitu vya kulala huwa nauweka sawa na umbali, na kwa vitu vilivyoinuka naufikisha mara moja na nusu. Weusi, kitu kikiwa na kivuli kimoja, kati ya asilimia 30 na 50. Ukiona unaupandisha kupita hapo, mara nyingi umbali ndio uliokosewa.

Halafu kuna kivuli cha pili, na hiki ndicho kinachokitua kitu chini. Tazama kifungo pale dirishani. Utaona kivuli kinachokwenda kulia, lakini pia, kuzunguka ukingo wote hata upande wa dirisha, kuna weusi mwembamba pale kifungo kinapokutana na karatasi, kwa kuwa mwanga unashindwa kupenya kwenye ule upenyo. Basi kitu chochote chenye unene kipe vivuli viwili. Cha kwanza umbali sifuri, ukungu wa pikseli 6 hadi 10, weusi asilimia 35. Cha pili ndicho kile cha umbali, chenye ukungu, chepesi, asilimia 25 hivi. Photoshop mpya zinakuruhusu kuongeza kivuli cha pili kwenye leya (tabaka la picha) ileile. Kama yako ni ya zamani, nakili leya uiweke chini.

Sasa shanga, iliyonitesa kuliko vyote. Shanga ya karatasi ni nene katikati na nyembamba nchani. Ile yangu ilikuwa na milimita 8 tumboni. Nikaipa kivuli cha programu, ikakataa kutulia. Nikaongeza weusi, nikapunguza, bado. Mwishowe nikaiweka kwenye manila, ubavu wake ukielekea dirisha, nikainama. Shanga inalalia tumbo lake. Ncha zote mbili hazigusi karatasi, zinaning'inia. Kwa hiyo pale tumboni kivuli kimeshikamana na shanga na ni cheusi, lakini nchani kimejitenga, na kuna mstari wa mwanga unaopita kati ya ncha na kivuli chake. Kivuli cha programu hakijui hilo. Kinachukua umbo la shanga na kulisogeza zima zima. Nilichofanya ni kukisogeza pikseli 47, yaani nusu ya unene wa shanga, nikakitoa kwenye leya yake, nikakivimbisha katikati hadi kikaungana na tumbo, kisha nikakipitishia kifutio laini nchani hadi kikabaki nusu ya weusi. Shanga ikakaa. Dakika kumi kwa shanga moja ni nyingi, ndiyo, lakini ukishaipata moja unainakili kwa zilizobaki, mradi tu hugeuzi upande wake.

Kukitoa kivuli kwenye leya yake ni kazi utakayoifanya kila siku. Kwenye Photoshop bofya kwa kitufe cha kulia juu ya jina la kivuli lililo chini ya leya, chagua Create Layer. GIMP, programu nyingine ya picha ambayo haina malipo, kwenye toleo la 2.10 ina vivuli vya aina mbili katika menyu ileile. Chagua kile kilichoandikwa legacy, maana kinakuja na leya yake mwenyewe. Baada ya hapo kivuli ni kama kitambaa, unakivuta utakavyo kwa chombo cha Warp, kile cha kupinda umbo.

Utakihitaji hasa kwenye pembe za picha. Angalia albamu yoyote ya zamani ya kubandika kwa gundi ya muhogo: katikati picha imeshikilia, pembe zimejikunja. Kivuli cha picha hiyo hakiwezi kuwa mstari mnyoofu. Shika pembe ya chini kulia ya kivuli, ivute nje pikseli 12 hadi 18. Pembe ya juu kulia ivute kidogo, pikseli 6. Katikati ya kila ukingo sukuma ndani mpaka kivuli karibu kitoweke. Kisha ongeza ukungu kwenye ile pembe uliyoivuta zaidi, maana kadiri karatasi inavyoinuka ndivyo kingo za kivuli zinavyolegea. Usizikunje pembe zote nne kwa kiasi kimoja. Hakuna picha inayobanduka kwa adabu hivyo.

Rangi. Kivuli cheusi tupu kinafaa karatasi nyeupe ya kijivujivu na basi. Kivuli hakileti rangi yake, kinapunguza mwanga wa rangi iliyopo, kwa hiyo kwenye karatasi ya njano kinakuwa njano iliyokolea. Weka hali ya leya iwe Multiply, ile inayokoleza rangi iliyo chini yake, halafu badala ya nyeusi chagua hudhurungi nzito au toleo la giza la rangi ya karatasi yenyewe. Mimi napenda kutumia lubugo kama karatasi ya nyuma, ile nguo ya gome la mtuba ambayo utengenezaji wake UNESCO iliutangaza kuwa urithi wa binadamu mwaka 2005. Niliipiga picha kipande halisi cha rangi ya udongo mwekundu. Kivuli cheusi juu yake kinaonekana kama doa la oili. Kivuli cha hudhurungi yenye wekundu kinazama vizuri. Tena lubugo ina nyuzi na mabonde, kingo za kivuli haziwezi kunyooka juu yake kama juu ya kioo, kwa hiyo naziparuza kidogo kwa brashi yenye mikwaruzo.

Maandishi yaliyochapwa, mhuri na wino havina kivuli kabisa, kwa kuwa wino hauna unene. Najua mabango ya matamasha mtaani kwetu yana maandishi ya dhahabu yenye kivuli kizito kama cha jengo, na wateja watakuomba hivyohivyo kwenye albamu. Wakatalie kwa upole. Herufi za kukatwa kwa manila ni jambo lingine, zipe pikseli 4. Mshono wa uzi unazama ndani ya karatasi: umbali pikseli 2 na basi, pamoja na kitone cheusi kwenye kila tundu la sindano. Shela ya bibi harusi na chandarua vinapitisha mwanga, kwa hiyo kivuli chake asilimia 15. Riboni inagusa na kuinuka, inagusa na kuinuka. Itendee kama pembe ya picha, mara nyingi mfululizo.

Kuna kosa moja ambalo hata mafundi wazuri hawalioni. Riboni imepita juu ya picha, ikaendelea juu ya karatasi ya chini. Kivuli chake kwenye picha na kwenye karatasi haviwezi kuwa mstari mmoja, kwa sababu karatasi iko chini zaidi. Kikate pale ukingo wa picha ulipo, kipande cha kwenye karatasi kisogeze mbele pikseli chache na ukilainishe. Utaona ngazi ndogo inatokea, na jicho linaipokea bila kuuliza.

Vifaa vya kupakua vichunguze kwanza. Maua na vifungo vingine vinakuja na kivuli kilichogandishwa humohumo. Ukiligeuza ua kama hilo ili lielekee upande wa pili, kivuli chake kinageuka nalo, na ukurasa unakuwa na madirisha mawili. Na mtu uliyemkata kutoka kwenye picha ukambandika ukurasani ni kikaragosi cha karatasi, mpe kivuli cha karatasi. Usimtilie kivuli kirefu cha miguuni wakati jirani yake ni kifungo kikubwa kuliko kichwa chake.

Kabla ya kuchapa, kata ukanda wa ukurasa wenye shanga, pembe ya picha na riboni, uuchape peke yake kwenye karatasi ileile ya albamu. Skrini inatoa mwanga, karatasi haitoi, na mashine nyingi ninazozitumia hufanya vivuli vizito zaidi ya nilivyoviona. Mimi hushusha weusi wote kwa asilimia 5 hadi 10 kabla ya kutuma, kisha naupeleka ukanda dirishani, naulaza kando ya ile manila yenye vitu halisi. Kipande kilekile cha manila bado ninacho kwenye droo, na kifungo chake ni kimoja alichoniachia Hajati, cha gomesi, cheupe, chenye matundu manne.