Namna ya kumpandisha Ali wa 1966 kwenye ulingo wa leo

Ubishi wa nani angeshinda kati ya Muhammad Ali na Tyson Fury, bondia Mwingereza wa uzito wa juu, nimeusikia kila kona ya mji huu, kuanzia vijiwe vya kahawa vya Magomeni hadi vibanda umiza vya Manzese, alfajiri ya Jumapili watu wakisubiri pambano la Las Vegas lianze. Mimi nafundisha ngumi, na vijana wangu huniuliza swali hilo wakiwa wanafunga bendeji mikononi. Nalichukulia kwa uzito wote, kwa sababu kijana anayeweza kulijibu kwa hoja ameshajua kuutazama mchezo. Hivi ndivyo ninavyowaelekeza.

Anza kwa kuchagua usiku mmoja. Usiseme tu "Ali", sema Ali wa tarehe fulani. Wazee wa Dar wanamkumbuka aliyekuja hapa Februari 1980, ametumwa na Rais Carter kuishawishi Tanzania isusie Olimpiki ya Moscow, na Mwalimu Nyerere akakataa kuonana naye. Huyo alikuwa na miaka 38, ameshastaafu. Oktoba mwaka huohuo alirudi ulingoni, Larry Holmes akampiga mpaka wasaidizi wa kona yake wakasimamisha pambano baada ya raundi ya kumi. Huyo mwache apumzike. Hata yule wa Kinshasa 1974, tunayempenda kwa alivyomwangusha Foreman raundi ya nane, miguu ilikuwa imeshapungua, ndiyo maana aliegemea kamba. Ali mwenye miguu yake yote yuko kati ya Februari 1964, alipomvua Sonny Liston ubingwa, na Machi 1967, alipomtwanga Zora Folley. Baada ya hapo alikataa kwenda jeshini, akafungiwa, akakaa nje miaka mitatu na nusu. Ule ndio muda tuliodhulumiwa sote tunaoupenda mchezo huu, na mpaka leo unaniuma.

Usiku wangu ni Novemba 14, 1966, Houston, dhidi ya Cleveland Williams. Ali ana miaka 24 na kilo 96.5. Ila usilewe na mkanda huo wa video. Williams alikuwa amepigwa risasi na polisi miaka miwili nyuma na kupoteza figo moja, kwa hiyo namna anavyoanguka haikuambii mengi. Mtazame Ali. Zima sauti, funika mikono yake kwa kiganja chako kwenye skrini, ubaki na miguu peke yake. Utaona anapiga akiwa anaingia, na mguu wa nyuma umeshajipanga kutoka kabla ngumi haijafika.

Kabla hujaenda mbele, amueni swali ni lipi, maana hapa ndipo watu wanapogombana bure. Je, unamchukua vilevile alivyokuwa usiku ule na kumshusha ulingoni leo? Au unasema angezaliwa miaka ya tisini, akakua na vyakula, madaktari na mazoezi ya vyuma ya sasa? Ni maswali mawili tofauti. Mimi napenda la kwanza, nikimpa kambi ya wiki kumi tu ili asionewe.

Sasa chukua futi kamba ya fundi cherehani na kipande cha chaki. Chora ukutani mstari wa sentimita 191, ndio urefu wa Ali. Chora mwingine 206, huyo ni Fury. Kwa mikono, kutoka ncha hadi ncha, Ali anaandikwa 198 na Fury 216. Msimamishe kijana mrefu kuliko wote ulionao, anyooshe jebu yake, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, hadi mwisho, kisha wewe simama mahali ngumi inapogusa pua. Shusha mikono kiunoni kama Ali, vuta kichwa nyuma bila kusogeza miguu. Utakwepa ile ya kwanza. Mwambie sasa apige mbili huku akipiga hatua moja, uone kama mgongo wako una nafasi ya kurudi tena. Zoezi hilo la dakika mbili linafundisha kuliko ubishi wa usiku mzima: kukwepa kwa kuvuta kichwa kunategemea mwenzio awe mfupi au awe mvivu wa miguu, na Fury si mfupi wala si mvivu. Ali angelazimika kuondoka na mwili wote, raundi baada ya raundi. Kwa bahati nzuri ndicho alichokiweza kuliko mzito yeyote niliyewahi kumwona.

Kinachofuata ni kutafuta mikanda ya video ya Ali inayofanana na matatizo ya leo. Achana na majina makubwa, tafuta matatizo. La urefu liko kwa Ernie Terrell, Februari 1967: sentimita 198, mikono mirefu kuliko ya Ali, mikono ya kujikinga imepanda juu. Ali alimshinda kwa pointi raundi 15, akaitawala jebu ya mtu aliyemzidi mikono. Terrell alilalamikia jicho tangu mapema, hilo nalo liweke kwenye hesabu.

La pili ni mashoto, mtu ambaye mguu na mkono wa kulia ndio vinatangulia. Nenda Frankfurt, Septemba 1966, Karl Mildenberger. Hapa tulia, utazame mara mbili. Ni miezi miwili tu kabla ya usiku wetu wa Houston, Ali yuleyule, lakini jebu yake inagongana na mkono wa mbele wa mpinzani na ngumi za mbavu zinamfikia. Alimmaliza raundi ya 12, baada ya kazi ngumu.

La tatu ni mikono ya chini. Mwaka 1963 pale Wembley, Henry Cooper, mtu wa kilo 84 hivi, alimwangusha kwa ngumi ya kushoto ya pembeni mwishoni mwa raundi ya nne. Leo mzito wa kilo 110 ni wa kawaida kabisa. Kona ya leo ingempigia kelele Ali ainue mkono wa kulia, na mimi ningekuwa wa kwanza kupiga kelele hizo.

Kuhusu sheria, jambo ni moja: raundi. Zilikuwa 15, siku hizi ni 12, na zile tatu za mwisho zilikuwa mali ya mwenye pumzi. Mtu wa kilo 119 kama Fury anazikwepa leo. Mkikubaliana pambano liwe la 15, Fury ana shida kubwa.

Kabla ya kutoa hukumu, tafuta mtu wa leo mwenye mwili wa bondia wako. Wa Ali yupo: Oleksandr Usyk wa Ukraine, urefu 191, mikono 198, namba zilezile. Mei 2024 kule Riyadh alipanda na kilo 101 hivi, Fury na karibu 119, akashinda kwa pointi kwa waamuzi wawili dhidi ya mmoja. Desemba wakarudiana, Fury akaja na kilo zaidi ya 127, waamuzi wote watatu wakampa Usyk. Anayesema mwili wa Ali ni mdogo mno kwa zama hizi, muulize Usyk ana mwili gani.

Andika karatasi yako raundi kwa raundi, na pembeni ya kila raundi taja mkanda uliokupa sababu. Raundi isiyo na mkanda ifute. Yangu inampa Ali ushindi dhidi ya Fury kwa pointi, raundi saba kwa tano. Dhidi ya Usyk nampa Usyk, kwa wembamba sana, na sababu ni Mildenberger: Usyk naye ni mashoto.

Ukimaliza hapo, njoo nyumbani kwa mabondia wetu: Rashid Matumla wa ubora wake na Hassan Mwakinyo wa Septemba 2018, usiku alipomzima Sam Eggington raundi ya pili pale Birmingham. Uzito wao haupishani, kwa hiyo futi kamba haitakusaidia sana. Anza na miguu ya Matumla.